Mshumaa na Kidaka: Kumbukumbu ya Miezi Mitatu Bila Umeme Unguja

Mshumaa ni kipande cha nta kilichopitishwa utambi katikati, na utambi ni uzi wa pamba uliosukwa ambao kazi yake ni kuifyonza nta iliyoyeyuka na kuipandisha hadi penye moto. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayamwelezi mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ni kitu gani hasa anachokiingiza nyumbani mwake anaponunua mshumaa dukani, kwa kuwa katika nyumba nyingi za pwani mshumaa haukuwa taa ya kila siku. Taa za kila siku zilikuwa za mafuta: kibatari, yaani kikopo cha bati chenye utambi unaochovya mafuta ya taa, kandili, yenye tangi la mafuta chini na kioo cha kukinga upepo juu, na kwa wenye uwezo zaidi karabai, ambayo hupigwa pampu ili mafuta yapande kwa shinikizo, na ambayo hutoa mwanga mweupe pamoja na mvumo usiokoma. Mshumaa ulikuja kukaa pembeni ya hizo zote, ukatumika umeme unapokatika, kwenye keki ya siku ya kuzaliwa au kwenye altare ya kanisa, na kwa sababu hiyo watu wengi waliukuta mikononi mwao bila ya kufundishwa na yeyote namna ya kuishi nao.

Lugha yenyewe inaonyesha mchanganyiko huo. Neno mshumaa limetokana na Kiarabu, ambako shina lake lina maana ya nta na pia ya mshumaa wenyewe, na Kiswahili kikalitia katika ngeli ya mti na miti. Kandili nayo imepitia Kiarabu, lakini asili yake ni mbali zaidi, maana Waarabu walilipokea neno hilo kwa Wagiriki, na Wagiriki kwa Walatini, ambao kwao candela ilikuwa ni mshumaa. Hivyo kandili ya mafuta inayoning'inizwa ukumbini ni mjukuu wa mshumaa kwa jina, ijapokuwa kwa umbo hawafanani hata kidogo. Kutoka katika neno hilo hilo wanasayansi walichukua jina la kandela, yaani kipimo cha kimataifa cha ukali wa mwanga, na kandela moja inakaribia sana mwanga wa mshumaa mmoja wa kawaida.

Makala haya yanadai kwamba hasara na ajali nyingi za mshumaa nyumbani hutokana na kuupokea kama kitu cha dharura kisichostahili kutengewa mahali, saa wala vyombo vyake, na kwamba mambo hubadilika pale familia inapokubali kuwa mshumaa utawaka kesho na keshokutwa pia. Ushahidi unaotumiwa ni wa nyumba moja ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambamo mwandishi alikuwa mmoja wa wakazi katika kipindi kirefu cha kukosekana kwa umeme kilichoanza Desemba 10, 2009 na kuendelea hadi Machi 2010. Nyumba moja haithibitishi jambo kwa miji yote, lakini miezi mitatu ya kuwasha mishumaa kila jioni ni shule ya kutosha kwa anayetaka kujifunza.

Inafaa ikumbukwe kwamba umeme si mgeni Zanzibar. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika zama za Sultani Barghash, lilikuwa miongoni mwa majengo ya mwanzo ya Afrika Mashariki kuwekewa taa za umeme. Karne moja baadaye Unguja ilikuwa ikipata umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa njia ya kebo ya baharini, yaani waya mnene uliolazwa chini ya mkondo wa bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na ambao ulianza kutumika mwaka 1980. Kisiwa kizima kutegemea mshipa mmoja ni jambo linalosahaulika kwa urahisi mpaka mshipa huo usimame. Kuanzia Mei 2008 Unguja ilikaa takriban wiki nne bila umeme, na wakazi wakasadiki kwamba mtihani wa namna hiyo haungerudi upesi. Haikupita hata miaka miwili, ukarudi kwa muda mrefu zaidi. Pampu za maji zilisimama pamoja na taa, visima vya zamani vikafunguliwa, na mvumo wa jenereta ukajaza vichochoro usiku na mchana. Katika vichochoro hivyo, ambavyo vingine havimpishi mtu aliyebeba kikapu, moshi wa jenereta hauna pa kutokea, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo iliyoifanya nyumba inayozungumziwa isinunue mashine hiyo. Sababu nyingine ilikuwa bei ya petroli, na hiyo haihitaji ufafanuzi.

Kwa wiki mbili za mwanzo nyumba hiyo iliishi na mshumaa kama mtu anavyoishi na mgeni asiyetandikiwa kitanda. Kila jioni, jua lilipokwisha kuzama, mtoto alitumwa dukani kununua mshumaa mmoja au miwili, kwa hoja kwamba umeme ungerudi kesho na mishumaa mingi ingebaki bure, na kila jioni muuzaji alitaja bei ya mshumaa mmoja mmoja, ambayo siku zote humwelemea mnunuzi kuliko bei ya pakiti. Kiberiti hakikuwa na mahali. Kilitafutwa gizani kwa kupapasa, mara jikoni, mara mfukoni mwa kanzu iliyotundikwa. Mshumaa ulisimamishwa kwa kudondoshewa nta yake mwenyewe juu ya chochote kilichokuwa karibu, kama vile kifuniko cha sufuria, mgongo wa kikombe au ukingo wa meza, na asubuhi kazi ilikuwa kubandua nta kwa kisu.

Mahali palipopendwa kuliko pote palikuwa juu ya televisheni. Televisheni za wakati huo, zile zenye kisogo kirefu, zilikuwa na mgongo bapa ulioonekana kama rafu, na kwa kuwa viti vyote vya ukumbi vilikuwa vimeelekezwa huko kwa miaka mingi, hakuna aliyejiuliza kwa nini mshumaa umewekwa pale. Macho ya nyumba nzima yalikuwa yameshazoea kutafuta mwanga upande huo. Usiku mmoja wa mwisho wa Desemba mshumaa huo uliachwa ukiwaka, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye atakayeuzima. Ulipofika chini, utambi ulilala ndani ya dimbwi la nta na kuendelea kuwaka, plastiki ikalainika, ikabonyea, kisha ikatoboka, na nta iliyoyeyuka ikamwagika ndani ya mashine. Aliyeamka alikuwa bibi wa nyumba, ambaye hakuamshwa na mwanga bali na harufu. Moto ulizimwa kwa gunia lililoloweshwa maji ya ndoo, maji yaliyokuwa yametekwa kisimani mchana wa siku hiyo kwa ajili ya kufulia, na asubuhi yake palionekana tundu lenye ukubwa wa kisahani cha kahawa, kingo zake zimejikunja kama ngozi iliyokaushwa juani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hivyo ndivyo wasemavyo Waswahili, na asubuhi ile bibi aliamua kwamba mshumaa nao upewe jembe. Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kukitazama kidaka. Kidaka ni tundu la mstatili lililochimbwa ndani ya unene wa ukuta bila kutokea upande wa pili, na nyumba za mawe za pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, zinajulikana kwa vidaka vyao, vingine vikiwa vimepambwa kwa nakshi za chokaa na kupangwa safu juu ya safu kwa ajili ya kuwekea vyombo vya kauri. Katika nyumba hii kidaka kilikuwa kimoja tu, cha kawaida, kando ya mlango wa ukumbi, kimepigwa chokaa nyeupe ndani, na ndani yake palikuwa na chupa yenye maua ya plastiki yaliyojaa vumbi.

"Hicho kimetiwa hapo kwa kazi gani, mjukuu wangu?" bibi alimwuliza mtoto aliyekuwa karibu.

"Kuwekea maua, bibi."

"Maua ya plastiki yalikuwapo ukuta huu ulipojengwa?"

Chupa iliondolewa, na mshumaa ukasimamishwa humo juu ya sahani ya bati iliyotiwa mchanga mkavu wa pwani. Matokeo yaliwashangaza hata watu wazima, ingawa ukiyachunguza hayana muujiza wowote. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hauungui. Unene wake, ambao katika nyumba za Mji Mkongwe huweza kufikia nusu mita au zaidi, ulikifanya kidaka kuwa na kina cha kutosha kuukinga moto na upepo wa pande tatu. Chokaa nyeupe ya ndani iliurudisha ukumbini mwanga ambao mahali pengine ungepotelea ukutani. Nao urefu wa kidaka kutoka sakafuni ulikuwa juu ya mikono ya watoto wadogo na chini kidogo ya macho ya mtu mzima aliyesimama. Waliojenga nyumba zile waliishi na moto wa taa kila usiku, na ujuzi wao ulibaki ukutani muda mrefu baada ya wakazi kusahau matumizi yake.

Upepo unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndio adui mkuu wa mshumaa, na majira ya miezi hiyo yalikuwa ya kaskazi. Kaskazi ni pepo za msimu zinazovuma kutoka kaskazini mashariki takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ndizo zilizowaleta manahodha wa majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na huambatana na joto kali ambalo humfanya mtu afungue madirisha yote ya nyumba. Hapo ndipo familia ilipoingia katika mashindano ya kila jioni: dirisha likifunguliwa mshumaa unayumba, likifungwa watu wanatoka jasho. Mshumaa unaoyumba hauleti usumbufu wa macho tu. Ulimi wa moto unapolazwa upande mmoja huyeyusha ukingo wa upande huo, kisima kidogo cha nta kinachokaa chini ya utambi hubomoka, nta huchuruzika nje bila kuungua, na mshumaa ambao ungemaliza jioni nzima huisha mapema. Katika nyumba hiyo mshumaa wa dukani uliowekwa karibu na dirisha haukufikisha saa 3, ilhali wa aina hiyo hiyo ndani ya kidaka ulipita saa 4, na dirisha likiwa wazi.

Ili kuelewa kwa nini upepo una madhara makubwa hivyo, ni lazima kujua nini hasa kinachoungua. Watu wengi hudhani kwamba utambi ndio unaowaka na kwamba nta ipo kuushikilia tu usianguke. Ukweli ni kwamba utambi ni njia, na kuni ni nta. Joto la moto huyeyusha nta, nta ya majimaji hupanda ndani ya nyuzi za utambi kwa nguvu ile ile inayoifanya kanga ilowane kuelekea juu pindo lake likigusa maji, na ikifika juu hugeuka mvuke, na huo mvuke ndio unaoungua. Karibu na utambi kuna sehemu yenye giza, ambayo ni mvuke ambao bado haujapata hewa ya kutosha; juu yake kuna sehemu pana ya manjano, ambamo chembe ndogo mno za kaboni huwaka kwa wekundu na umanjano kabla ya kuteketea, na hizo ndizo zinazotoa karibu mwanga wote unaosomewa kitabu. Upepo unapoupoza moto, chembe hizo huponyoka kabla ya kuungua, na zinapotua darini huitwa masizi. Kwa maneno mengine, masizi ni mwanga uliolipiwa dukani ukapotea njiani.

Somo hilo lina historia yake. Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza aliyefahamika zaidi kwa kazi zake za umeme na sumaku, alitoa mihadhara sita kuhusu mshumaa kwa ajili ya vijana katika Royal Institution ya London, katika msimu wa Krismasi wa mwaka 1860 na kuingia 1861, na mihadhara hiyo ikachapishwa kuwa kitabu. Pana kejeli kidogo katika kumkumbuka mtu huyo kwenye kisiwa kilichokatikiwa umeme, kwa kuwa uvumbuzi wake ndio uliofungua njia ya jenereta zilizokuwa zikinguruma vichochoroni. Moja ya majaribio aliyoyaonyesha iligunduliwa upya na mtoto wa nyumba hiyo, bila kitabu na bila mwalimu. Mtoto alikuwa amepuliza mshumaa uzime, kisha akaleta njiti inayowaka ili auwashe tena, na kabla njiti haijaugusa utambi, moto ukaruka kutoka kwenye njiti, ukateremka kwa kuufuata uzi mweupe wa moshi, na kuuwasha mshumaa. Aliirudia kazi hiyo mara nane au tisa, mpaka mama yake akamnyang'anya kiberiti. Moshi ule mweupe ni mvuke wa nta ulioanza kuganda hewani, nao bado unaweza kuungua. Haufanani na masizi meusi, ambayo ni kaboni iliyokwisha kutengana na nta. Mtoto huyo hakujua maneno hayo, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumdanganya kwamba utambi ndio unaowaka.

Utunzaji wa utambi nao ulijifunzwa taratibu. Utambi uliosukwa ni hatua ya karne ya 19: kabla ya hapo nyuzi zilisokotwa tu, zikabaki zimesimama wima katikati ya moto, na ilibidi zikatwe kwa mkasi kila baada ya muda mfupi, mpaka mwaka 1825 Mfaransa Cambacérès alipotumia utambi wa kusuka, ambao hujikunja kuelekea ukingo wa moto na kujiteketeza wenyewe. Katika miaka hiyo hiyo Mfaransa mwingine, mkemia Michel Eugène Chevreul, alikuwa ameonyesha namna ya kutenganisha mafuta ya wanyama ili kupata stearini, kitu kigumu na cheupe kisichonuka kama shahamu. Parafini, ambayo ni nta inayotokana na mafuta ghafi na ambayo ndiyo malighafi ya mishumaa mingi ya dukani leo, ilienea baadaye katika karne hiyo. Pamoja na maendeleo hayo yote, mshumaa wa bei nafuu bado huota kichwa cheusi cha kaboni kwenye ncha ya utambi, moto ukarefuka na kutoa moshi, na dawa yake ni kuupunguza utambi ubaki kama nusu sentimita kabla ya kuwasha. Kazi hiyo huchukua nukta chache, nayo ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Parafini ina tabia nyingine inayowahusu watu wa nchi za joto. Huyeyuka kwa nyuzi joto za Selsiasi zinazoanzia 46 hivi kutegemea aina yake, lakini hulainika mapema zaidi, na pakiti iliyoachwa dirishani mwezi wa Februari hukutwa mishumaa yake imeinama kama watu waliochoka. Nyumba hiyo ilipoanza kununua kwa pakiti, baba akizichukua sokoni Darajani mwishoni mwa wiki badala ya kumtuma mtoto kila jioni, lilizuka swali la mahali pa kuziweka ambapo jua halifiki na panya hawaingii. Jawabu lilipatikana katika jokofu, ambalo kwa miezi hiyo halikuwa na kazi nyingine. Wageni waliofungua mlango wake kutafuta maji ya baridi walikuta mishumaa imelala kwenye rafu, na kicheko hakikukosekana.

Swali la kiasi cha mwanga halina budi kujibiwa bila mapambo. Mshumaa mmoja hutoa mwanga wa lumeni 12 au 13 hivi, lumeni ikiwa ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa kwenda pande zote, wakati balbu ya zamani ya wati 60 hutoa takriban lumeni 800; maana yake ni kwamba ingehitajika mishumaa zaidi ya 60 kuliziba pengo la balbu moja. Hakuna familia inayoweza kulijaza pengo hilo kwa kuongeza mishumaa, na zinazojaribu huishia kwenye joto, moshi na gharama. Njia iliyobaki ni kumsogeza mtu karibu na mwanga. Kanuni ya fizikia inasema kwamba umbali kutoka kwenye chanzo ukipunguzwa kwa nusu, mwanga unaoangukia ukurasa huongezeka mara nne, kwa hiyo mtoto aliyesoma akiwa mita moja kutoka kwenye mshumaa alipata manufaa makubwa kwa kusogea nusu mita tu kuliko kwa kuwashiwa mshumaa wa pili. Bibi, ambaye hakusoma fizikia, alikuwa na desturi ya kuegemeza kioo cha kujitazamia nyuma ya mshumaa wa masomo, na desturi hiyo ni ya busara kwa kipimo chochote.

Kwa njia hiyo nyumba yenye vyumba vinne ilijikuta ikiishi katika chumba kimoja kuanzia Magharibi hadi baada ya Isha, na shughuli zikapangwa kwa kufuata urefu wa mshumaa. Alama zilichorwa ubavuni kwa sindano: mpaka hapa ni masomo, mpaka hapa ni chakula, na kinachobaki ni cha mazungumzo. Wapo wanaoyatazama mambo kama haya kwa shauku, na kudai kwamba giza lilizirudishia familia utu wao. Madai hayo yapokelewe kwa tahadhari. Ni kweli kwamba hadithi zilizosimuliwa katika miezi mitatu hiyo zilikuwa nyingi kuliko za miaka mitatu iliyotangulia. Lakini ni kweli vilevile kwamba mama wa nyumba hiyo, aliyekuwa akishona kofia za viua kwa kuuza, alipoteza saa zake zote za usiku. Kofia ya viua hutobolewa matundu madogo sana na kuzungushiwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na hakuna mshumaa unaotosha kutofautisha weupe na weupe. Alijaribu kwa siku tatu, macho yakavimba, akahamishia kazi barazani wakati wa alasiri, na mapato yake yakapungua. Wageni wa hoteli za ufukweni walikula chakula chao mbele ya mishumaa kwa starehe, huku jenereta ikifanya kazi nyuma ya jengo, na hiyo ilikuwa ni habari nyingine kabisa.

Kuhusu hatari, nyumba ilifikia makubaliano machache ambayo hayakuandikwa popote lakini yalifuatwa. Mshumaa haukuingia chumba chenye chandarua kilichoteremshwa, kwa kuwa vyandarua vingi vya siku hizi ni vya nyuzi za plastiki zinazoyeyuka na kuwaka kwa haraka, na hata yule mtoto mdogo aliyekuwa akiogopa giza alizoeshwa kulala bila mwanga, kwa kushikiwa mkono mpaka usingizi umchukue. Aliyepita karibu na kidaka alikusanya kwanza ncha za mtandio wake. Dirisha moja liliachwa wazi kila mara, maana moto hula hewa ile ile wanayoivuta watu. Na aliyekuwa wa mwisho kulala alitajwa kwa jina kabla wengine hawajaondoka, ili kisitokee tena kisa cha kila mmoja kumtegemea mwenzake. Huyo wa mwisho hakupuliza. Kupuliza hurusha matone ya nta na kujaza chumba moshi. Badala yake aliuinamisha utambi kwa njiti ya kiberiti ukazama ndani ya nta, moto ukazimika bila moshi, kisha akausimamisha tena ukiwa umeshalowa nta, tayari kwa kesho yake. Ni jambo dogo la vidole viwili, na bibi alilifanya bila kutazama.

Katika miezi iliyobaki hakukutokea ajali nyingine, na idadi ya mishumaa iliyotumika kwa wiki ilishuka ikawa karibu nusu ya ile ya mwanzo, ingawa jioni hazikuwa fupi zaidi wala wakazi hawakupungua. Kilichobadilika kilikuwa ni kule kuacha kungoja. Familia iliyokuwa ikisema kila jioni kwamba umeme unarudi kesho ilitumia mshumaa vibaya kila jioni. Ilipokoma kusema hivyo, ikaweka mchanga kwenye sahani.

Umeme ulirudi Machi 2010, na mwaka 2013 ilizinduliwa kebo mpya ya baharini yenye uwezo wa megawati 100, iliyogharamiwa kwa msaada wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Taa za ukumbi ule zimekuwa zikiwaka tangu wakati huo, zikikatika mara moja moja kama zinavyokatika kwingine. Televisheni yenye tundu ilichukuliwa na fundi kwa ajili ya vipuri vyake, na maua ya plastiki hayakurudishwa. Kidaka kina sahani ya bati, mishumaa minne iliyofungwa gazetini na kiberiti kimoja, ambacho hubadilishwa kila mwaka baada ya masika, kwa sababu unyevu wa mvua huharibu njiti.